UZI: Winga wa hoki ya barafu anafanya kazi gani hasa? Tumchambue Ovechkin, kutoka Dynamo Moscow hadi goli la 895

#1 Kisahani Cheusi

Wakuu heshima kwenu. Ule uzi wa rekodi ya magoli ya NHL umegeuka ugomvi wa "Ovechkin ni mpiga mashuti tu" dhidi ya "Ovechkin ndiye baba lao", na hakuna aliyeeleza winga wa hoki ya barafu analipwa kwa kazi gani. Nafungua huu tuongelee kazi. Ushabiki ubaki kulekule.

Kwa wageni, haraka haraka. Uwanja wa NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na umezungushiwa ukuta pande zote. Kila timu ina watu sita uwanjani: kipa, mabeki wawili, senta na mawinga wawili. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Kisahani, ndicho kinachopigwa huku, ni cha mpira mgumu, kipenyo sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito kati ya gramu 156 na 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde ovyo. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na mbele yake kasimama jitu lililovaa mapedi makubwa. Kwa hiyo nafasi ya kufunga ni vijitundu.

Washambuliaji kwa kawaida huwa 12 kwenye laini nne (makundi ya watatu watatu yanayopokezana), maana yake mawinga nane. Zamu moja ni sekunde 40 hadi 50, unatoka ukihema, mwenzako anaruka ukuta kuingia. Hakuna kuomba ruhusa ya refa. Anayeng'ang'ania kukaa uwanjani dakika nzima na nusu huwa anaonekana mara moja: miguu imeisha, anarudi nyuma akiwa wima badala ya kuinama, na goli linafungwa upande wake.

Sasa mtu wetu. Alexander Ovechkin, kazaliwa Moscow tarehe 17 Septemba 1985. Mama yake, Tatyana Ovechkina, alikuwa mchezaji wa kikapu wa Umoja wa Kisovieti, dhahabu ya Olimpiki mara mbili, 1976 na 1980. Jezi namba 8 anayovaa mwanawe ni namba ya mama. Aliingia timu ya wakubwa ya Dynamo Moscow akiwa na miaka 16, na 2004 akachaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti (timu za ligi zinapochagua vijana wapya kwa zamu) na Washington Capitals.

Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 5 Oktoba 2005 dhidi ya Columbus. Kwenye zamu yake ya kwanza alimbamiza beki ukutani mpaka nguzo inayoshikilia kioo ikachomoka, mechi ikasimama mafundi waitengeneze. Kisha akafunga mawili. Msimu ule aliumaliza na magoli 52 na pointi 106 (magoli ukijumlisha pasi za magoli). Msimu wa 2007–08 akafunga 65. Amekuwa mfungaji bora wa ligi misimu tisa, wa mwisho (2019–20) akigawana na David Pastrnak. Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa NHL, alilichukua 2018 kwa kuifunga Vegas michezo minne kwa mmoja, akafunga 15 kwenye mtoano ule na kutajwa mchezaji bora wa mtoano. Tarehe 6 Aprili 2025 akafunga la 895, akampita Wayne Gretzky aliyekuwa na rekodi ya magoli ya ligi. Tarehe 5 Novemba 2025 akafikisha 900, mtu wa kwanza kufika hapo.

Hoja yangu ni moja, na mnaruhusiwa kuivunja: rekodi ile imejengwa na sehemu anayosimama na idadi ya siku alizokuwepo kazini, kuliko nguvu za mkono. Wenye mashuti makali walikuwa wengi.

#2 Msoma Kimya

Mkuu shukrani. Swali la mjinga: Ovechkin anatumia mkono wa kulia lakini anaitwa winga wa kushoto. Kwenye soka naelewa, winga wa mguu wa kinyume anaingia ndani. Huku nako ni hivyohivyo?

#3 Ndani ya Duara

#2 Wazo linakaribiana, ila huku kuna gongo, na gongo halibadilishwi upande kama mguu. Mwenye mkono wa kulia anashika bapa (ile ncha pana ya chini ya gongo) upande wake wa kulia mechi nzima, anachoweza kugeuza ni uso wa bapa tu.

Chukua mchezaji wa mkono wa kulia, msimamishe kwenye duara la kushoto (moja ya maduara mawili yaliyochorwa barafuni mbele ya goli, kila upande moja) akiangalia goli. Bapa lake liko upande wa katikati ya uwanja. Pasi ikitoka kulia inagonga bapa bila kukatiza mwili wake, kwa hiyo anaweza kupiga moja kwa moja bila kutuliza. Pili, bapa likiwa upande wa ndani linamwongezea pembe, goli linafunguka zaidi kuliko kama angekuwa wa mkono wa kushoto mwenye bapa lililoelekea ukutani. Huyo wa mkono wa kushoto angelazimika kuiacha pasi ipite mbele ya mwili, aitulize, ndipo apige. Nusu sekunde imekwenda, kipa kafika.

Piga hesabu. Nukta ya duara iko mita 6.1 kutoka mstari wa goli na mita 6.7 kutoka katikati. Mpaka goli ni kama mita 9. Shuti la kilomita 145 kwa saa ni mita 40 kwa sekunde, linafika kwa sekunde 0.22 au 0.23. Hapo kipa hawezi kusubiri aone ndipo asogee. Lazima awe ameshafika na ameshatulia kabla ya shuti kupigwa. Pasi inayokatiza mstari wa katikati inamlazimisha ajisukume kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine, na wakati anateleza miguu imeachana, mikono imepanda. Ndiyo maana hesabu ya goli inaanza kwenye pasi.

Hasara iko upande wa pili wa uwanja. Timu inapotoka na kisahani golini kwake, winga wa kushoto anakisubiri ukutani, na mwenye mkono wa kulia anakipokea kwa mgongo wa bapa. Mgongo wa bapa umebinuka vibaya kwa kazi hiyo, kisahani kinateleza. Beki mpinzani akijua hilo anapanda kumkaba mapema.

#4 Mkwaju wa Tanga

#3 umeua. Naongezea nyama upande wa pawaplei, kwa sababu magoli ya Ovechkin huwezi kuyaeleza bila hiyo. Ndiye anayeongoza kwa magoli ya pawaplei katika historia ya ligi, alimpita Dave Andreychuk aliyekuwa na 274.

Mpinzani akifanya faulo ndogo anakaa kifungoni dakika mbili, mnacheza watano kwa wanne, na hiyo ndiyo pawaplei. Washington walijipanga hivi, tuseme mwaka 2018: John Carlson juu katikati karibu na mstari wa bluu (unaotenga eneo la ushambuliaji), Nicklas Backstrom ukuta wa kulia, T.J. Oshie katikati mbele ya goli, Evgeny Kuznetsov chini kulia karibu na mstari wa goli, na Ovechkin duara la kushoto. Mmoja, watatu, mmoja.

Kila mtu uwanjani, mpaka muuza bisi, alijua kisahani kitaishia wapi. Kwa nini hawakumzuia? Kwa sababu ukimwekea Ovechkin mtu wa kumganda, waliobaki ni wanne wa Washington dhidi ya watatu wenu. Oshie anabaki huru hatua chache mbele ya kipa, na shuti la Oshie ni karibu zaidi kuliko la Ovechkin. Ukirudi kumziba Oshie, Backstrom anafungua njia ya duara la kushoto. Uchague sumu yako.

Na yeye hasimami kama nguzo. Angalia video bila kufuata kisahani, mfuate yeye: anasogea mita moja juu, mita moja chini, anatafuta mwanya kati ya magongo ya walinzi wawili ili pasi ipite. Mlinzi akishusha gongo barafuni kuziba, yeye ameshapanda kuelekea juu ya duara. Huo ndio ufundi wenyewe, na kwenye luninga hauonekani kwa sababu kamera iko kwa Backstrom.

Kocha aliyeleta mpangilio huu Washington ni Adam Oates. Msimu wake wa kwanza, 2012–13, pawaplei yao ilifunga kwa asilimia 26.8, bora kuliko timu zote.

#5 Kipa wa Zamu

Mnampamba mno. Msimu wa 2013–14 jamaa alifunga 51 na bado akamaliza na hasi 35. Kwa wasiojua: kila goli likifungwa watu wakiwa sawa, waliokuwa uwanjani upande uliofunga wanapewa jumlisha moja, waliofungwa wanatolewa moja. Hasi 35 kwa mtu mwenye magoli 51 maana yake akiwa uwanjani milango ilikuwa wazi.

La pili, magoli ya wavu mtupu. Timu inayofungwa inamtoa kipa dakika za mwisho, jamaa anapiga kisahani goli tupu, hesabu inapanda. Hapo napo anaongoza ligi, amempita Gretzky aliyekuwa na 56.

#6 Kisahani Cheusi

#5 Mkuu takwimu zako ziko sawa, tatizo ni unavyozisoma.

Hasi 35 kwanza. Magoli ya pawaplei hayahesabiwi kwenye jumlisha, lakini magoli mnayofungwa watu wakiwa sawa yanahesabiwa yote. Mtu anayefunga sehemu kubwa ya magoli yake kwenye pawaplei ataonekana vibaya hata kama si yeye aliyelala. Hilo halimwoshi kabisa. Mwaka ule alikuwa analala kweli. Kwenye ulinzi winga ana mtu wake, beki wa mpinzani aliye juu upande wake. Kazi ni kukaa kati ya beki huyo na goli, gongo barafuni kwenye njia ya pasi, na kuwa tayari kuzuia shuti kwa mguu. Ovechkin alikuwa anaanza kuondoka kabla timu haijapata kisahani, akitafuta pasi ndefu. Ikinaswa, beki wake yuko peke yake na duara zima.

Oates huyohuyo ndiye aliyemhamishia winga ya kulia 2013 watu wakiwa sawa. Sababu ni ile ya #3: upande wa kulia anakipokea kisahani ukutani kwa uso wa bapa, anaondoka na kasi, anagusa kisahani mara nyingi zaidi. Kwenye pawaplei alibaki duara la kushoto. Msimu ule wa 2013 ulikuwa mfupi, mechi 48, akafunga 32 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa msimu kwa mara ya tatu. Kocha Barry Trotz alipokuja 2014 akamrudisha kushoto, akamdai ulinzi, na ndiye aliyechukua naye kombe.

Wavu mtupu: kocha hamweki uwanjani mtu asiyemwamini wakati anaongoza kwa goli moja na dakika imebaki moja. Ukiona winga anafunga wavu mtupu ujue kapewa kazi ya kulinda ushindi. Hii hoja yako inamsaidia yeye.

#7 Kipa wa Zamu

Hapo kwenye wavu mtupu nakubali nusu. Kuna misimu ya mwisho walikuwa wanamweka kwa ajili ya rekodi, tusidanganyane. Endelea.

#8 Beki Mstaafu

Naona mmekaa kwenye mashuti tu. Winga anapata au kupoteza ajira ukutani. Kocha akiangalia video kesho yake, kitu cha kwanza kuhesabu ni mara ngapi kisahani kilifika kwa winga ukutani kwenye eneo letu na mara ngapi kilitoka nje ya mstari wa bluu. Wa laini ya nne hana magoli ya kumfunika, akipoteza viwili hapo anakaa jukwaani mechi ijayo.

Namna inavyofanyika. Beki wako anazungusha kisahani ukutani nyuma ya goli, kinakuja kwako. Kabla hakijafika, geuza shingo mara mbili: mara ya kwanza uone beki mpinzani yuko wapi, mara ya pili uone senta wako kashuka kiasi gani. Usisimame umeupa uwanja mgongo moja kwa moja, simama kwa upande, makalio yaguse ukuta, magoti yamepinda. Kisahani kikija kinaruka, usikamate kwa gongo, weka ubapa wa kiatu ukutani kama kizuizi kiangukie kwenye gongo. Hapo una chaguo tatu kwa mpangilio huu: pasi fupi kwa senta anayepita katikati, kukigonga ukutani kipite nyuma ya beki aliyepanda ukifuate, na mwisho kabisa kukirusha kwenye kioo kitoke tu. Chaguo la tatu halina sifa lakini halikufukuzishi kazi.

Kinachoharibika mara nyingi: winga anasubiri kisahani badala ya kukisogelea hatua mbili. Beki mpinzani anafika pamoja nacho, anakibana hapo hapo. Kosa lingine ni kujaribu kumpiga chenga mtu kwenye mstari wa bluu wa kwenu. Kikinaswa hapo wenzako wote wameshaanza kwenda mbele.

Upande wa ushambuliaji ukuta ni uleule, kazi imegeuka: kumlinda mtu mgongoni mpaka mwenzako afike. Mfano bora ni goli la dhahabu la Olimpiki ya Vancouver, tarehe 28 Februari 2010, Kanada na Marekani, muda wa nyongeza. Dunia inamkumbuka mfungaji, Sidney Crosby wa Kanada. Tazama winga wake wa kulia, Jarome Iginla. Yuko ukutani, beki kamlalia mgongoni, anaanguka. Crosby anapita akimwita kwa sauti. Iginla anatoa pasi akiwa anakwenda chini, inafika kwenye bapa. Mtu wa magoli 625 katika NHL, na pasi moja ya ukutani ndiyo iliyoipa nchi dhahabu. Baba yake Iginla ni Mnigeria, kwa wale wanaouliza kila siku kama kuna damu ya Afrika kwenye mchezo huu.

#9 Fundi Makali

Niongelee vifaa maana hapo watu hupoteza hela.

Kiatu: chuma cha chini kina unene wa kama milimita 3, na mashine ya kunoa inachimba mfereji kati yake ili zibaki kingo mbili. Kina cha mfereji kinatajwa kwa nusu kipenyo cha duara lililouchimba. Nusu inchi, yaani milimita 13, ndicho kipimo cha kawaida. Ukipunguza hadi milimita 9.5, mfereji unakuwa wa kina zaidi, kingo zinauma barafu, unakata kona kali lakini miguu inachoka na kusimama kwa ghafla kunakukwama. Ukiongeza hadi milimita 16 au 19 unateleza mbali kwa nguvu kidogo, ila kona zinakutoroka. Mtu mzito hujichimbia barafuni kwa uzito wake, kwa hiyo mara nyingi anahitaji mfereji wenye kina kifupi kuliko wa mtu mwepesi.

Kosa la kunoa linalosumbua zaidi ni kingo zisizo sawa, moja juu moja chini. Dalili yake: unakata kushoto vizuri, kulia unateleza. Kukagua, geuza kiatu, laza kitu kilichonyooka, hata sarafu, juu ya kingo mbili, kisha angalia kama kinafanya pembe mraba na chuma. Kikiinamia upande rudisha kwa fundi. Na tafadhali, usitembee kwenye zege bila vifuniko. Hatua tatu tu kingo zimekufa. Ukivua, futa chuma kikauke, na usikiache ndani ya kifuniko kibichi usiku kucha, kutu inaanza.

Gongo: namba ya mpindo iliyoandikwa, tuseme 85, ni paundi za nguvu zinazohitajika kulipinda inchi moja. Watu wazima wengi wako kati ya 75 na 100. Kanuni ya kuanzia ni nusu ya uzito wako kwa paundi, kilo 80 ni paundi 176, anza na 85 hivi. Ukikata gongo juu, linakuwa gumu zaidi kuliko namba inavyosema, hilo husahaulika. NHL inaruhusu urefu wa hadi sentimita 160 na bapa lisipinde zaidi ya milimita 19. Zamani kikomo kilikuwa milimita 12.7, wakakipandisha msimu wa 2006–07. Ovechkin anajulikana kwa bapa lililopinda sana kwenye ncha. Linampa shuti linaloruka ghafla, lakini ndilo linalofanya mgongo wa bapa uwe mbovu kwa pasi. Rudi #3 uone kwa nini ukuta wa kushoto unamsumbua.

Kupiga bila kutuliza: mkono wa chini ushuke katikati ya gongo, uzito uanzie mguu wa nyuma, bapa liguse barafu sentimita 5 hadi 10 nyuma ya kisahani. Hapo ndipo gongo linapinda na kuhifadhi nguvu. Ukigonga kisahani chenyewe kwanza, gongo halijapinda, shuti ni jepesi. Kisahani kikiwa mbele mno ya mguu wa mbele kinakutana na ncha ya bapa, kinakwenda pembeni. Bapa likifunguka mapema kinapaa juu ya mwamba. Magoti yakiwa yamenyooka hakuna kitu.

#10 Msoma Kimya

Fundi umenifungua macho kwenye mpindo. Naomba mtu wa mikataba sasa. Hela ikoje?

#11 Hesabu za Jasho

Njia ni drafti ya raundi saba. Lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo 15 Septemba ya mwaka huo. Ovechkin alizaliwa 17 Septemba, kwa hiyo siku mbili tu zilimkosesha drafti ya 2003. Florida Panthers wakajaribu kumchukua mwaka huo raundi ya tisa (wakati huo zilikuwa tisa), wakidai ukihesabu siku za ziada za miaka mirefu (yenye Februari 29) ametimiza. Ligi ikawakatalia. Werevu ule ulistahili angalau chai.

Kijana akisaini akiwa na miaka 18 hadi 21, mkataba wa kwanza ni miaka mitatu wenye kikomo cha mshahara. Wengi hawaanzii NHL, wanashushwa ligi ya chini, AHL, ambako timu ya Washington ni Hershey Bears. Kima cha chini NHL msimu wa 2025–26 ni dola 775,000. Mkataba unaweza kuwa wa ngazi mbili: ukiwa juu unalipwa kiasi kimoja, ukishushwa AHL kingine kidogo sana. Winga wa laini ya nne asome kifungu hicho kabla hajasoma jumla.

Timu nayo ina ukomo wa mishahara. Ulianza 2005–06 kwa dola milioni 39, na 2025–26 ni milioni 95.5. Januari 2008 Ovechkin alisaini miaka 13 kwa dola milioni 124, akijadili bila wakala. Leo mkataba wa hivyo haupo, makubaliano ya 2013 yaliweka miaka minane kwa timu yako na saba kwa timu mpya. 2021 akaongeza miaka mitano kwa milioni 47.5, unaoishia 2026.

#12 Mkwaju wa Tanga

Turudi kwenye hoja ya #1 kuhusu siku za kazini, maana naiona ndiyo nzito.

Mike Bossy, winga wa kulia wa New York Islanders, alifunga 573 katika mechi 752. Kwa wastani wa mechi yuko juu ya Ovechkin. Alifunga 50 au zaidi misimu tisa mfululizo. Mgongo ukamwishia, mechi ya mwisho alicheza na miaka 30. Ovechkin naye ana misimu tisa ya 50, ila ameitawanya kuanzia 2005–06 mpaka 2021–22.

Halafu hesabu alizonyang'anywa. Msimu mzima wa 2004–05 ulifutwa kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji, mechi 82 (alibaki Dynamo, wakachukua ubingwa wa Urusi). 2012–13 zilipotea 34. 2019–20 korona ilisimamisha ligi Washington wakiwa wamecheza 69. 2020–21 zilichezwa 56. Jumla zimepotea 155 bila yeye kuumia. Na bado goli la 895 lilikuja kwenye mechi yake ya 1,487, idadi ileile ya mechi alizomaliza nazo Gretzky.

Jeraha kubwa ni la 18 Novemba 2024 kule Utah, alivunjika mfupa mwembamba wa mguu wa kushoto. Alikuwa na magoli 15 katika mechi 18. Alikosa mechi 16, akarudi tarehe 28 Desemba dhidi ya Toronto na kufunga. Alimaliza msimu na 44, ana miaka 39.

Mwaka mmoja kabla watu walishamzika: mechi 43 za kwanza za 2023–24 alikuwa na magoli manane tu. Kilichokuwa kimeharibika ni pawaplei, Backstrom alikuwa amesimama kucheza kwa ajili ya nyonga. Bila yule wa kulia, duara la kushoto ni mahali pa kusimama tu.

#13 Kipa wa Zamu

#12 Sawa, hapo mmenibana. Ila lile la 895 lenyewe hamjalieleza, na mimi macho yangu yako kwa kipa. Ilya Sorokin wa Islanders, Mrusi mwenzake. Pasi inatoka kwa Tom Wilson upande wa kulia, inakatiza katikati, Ovechkin kaikuta duara la kushoto. Safari hii alituliza kidogo. Beki akaja kuziba, na ndipo shuti likatoka kupitia kwake. Sorokin alikuwa amefika lakini hakuona linatokea wapi. Kipa asiyeona anabaki na kubahatisha. Islanders walishinda 4–1, kitu ambacho hakuna anayekikumbuka.

#14 Simba wa Barafu 254

Niaje wazee. Huku Nairobi tuko na Ice Lions, wanafanyia mazoezi pale Panari, Mombasa Road. 2018 walipelekwa Kanada wakacheza mechi na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon ndani ya timu, na 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia, IIHF. Lakini uwanja ni mdogo kuliko wa NHL, na winga anahitaji nafasi ya kukimbia. Mtu wa winga afanye nini hapo?

#15 Beki Mstaafu

#14 Uwanja mdogo ni mzuri kwa winga, kasi ya mbio ndefu ndiyo pekee utakayoikosa. Ukuta uko karibu, kwa hiyo mambo ya #8 utayafanya mara nyingi kuliko mtu wa uwanja mkubwa. Mzungushie kisahani mwenzio ukutani, mtu wa tatu aje kumbana, na mwenzio akitoe kisahani ndani ya sekunde mbili. Anza mbanaji akiwa hana gongo, kisha mpe.

#16 Ndani ya Duara

Na mashuti. Chora duara kwa rangi ya kufutika, nukta mita 9 kutoka goli kwa mshazari. Kama goli liko karibu na kona, punguza hadi mita 6 ila pasi iwe kali vilevile. Mpasiaji akae upande wa pili, mpigaji apige bila kutuliza. Pasi 20, pumzika, badilishaneni. Ukikosa kuigusa tatu mfululizo usipunguze nguvu ya shuti, punguza kasi ya pasi mpaka bapa lianze kukutana nayo, ndipo muipandishe tena. Na mweke mtu mbele ya kipa kuanzia siku ya kwanza, asione kisahani kinatoka wapi.